Paa wa Chini ya Goti

"Kwa hiyo nimpige paa kwa mzinga," alisema Mzee Soud. "Nimpasue vipande, kisha niokote ukwato mmoja nirudi nao kambini. Hayo ndiyo mawindo?"

"Babu, wallahi, hii si mzinga. Hii risasi ya kawaida, watu wote wanatumia. Hiki chako ndicho cha kupigia kunguru."

"Kunguru! Thuraya, njoo umsikie mwanao."

Thuraya alikuwa akiwasikia tangu alipozima gari uani. Alikuwa ndio kwanza anatoka kazini, mfuko wa mikate ya moto mkononi, na alichokitaka ni kuvua abaya na kula. Badala yake alisimama mlangoni mwa sebule akawatazama. Baba yake na mwanawe walikuwa wamekaa chini, sinia ya tende na kahawa katikati yao, na baina ya vikombe yamesimamishwa maganda matatu ya risasi, dogo, la kati na refu, kama watoto waliopangwa kupigwa picha ya Idi.

"Haya yanafanya nini kwenye sinia ya chakula?"

"Matupu, mama," alisema Ghaith. "Nimeyaokota klabu ya shabaha kule Maskat, nimwoneshe babu tofauti."

"Sikuuliza yamejaa au matupu."

Ghaith aliyashusha akayapanga juu ya zulia. Alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na kazi nzuri ya uhandisi, na mbele ya mama yake alikuwa na umri wa miaka tisa.

Mgogoro wenyewe Thuraya aliujua, maana ulikuwa umeanza juzi kwa simu. Ghaith alimwahidi babu yake zawadi ya safari: waende bara, ng'ambo ya Unguja alikozaliwa mzee, kwenye kambi ya uwindaji yenye vibali vyake, mzee apate kupiga mnyama mmoja tena maishani mwake. Hapa Ibra, na Omani nzima, swala hawaguswi, na Mzee Soud hakuwa mtu wa kuvunja sheria ya nchi iliyompokea. Bunduki zilikuwa za kambi. Wao walitakiwa kusema tu waandaliwe bunduki gani na risasi gani, na msimamizi wa kambi, Iqbal, alikuwa anangoja jibu leo kabla ya alasiri, kwa kuwa anashuka mjini kukata kibali.

Mzee Soud alitaka risasi ndogo kuliko zote. Ghaith alitaka kubwa. Thuraya alitaka safari yenyewe ife, na leo ndiyo siku aliyopanga kulisema hilo.

"Baba, simama," alisema.

"Kwani nimefanya nini?"

"Simama tu."

Aliweka mfuko wa mikate chini, akaenda ukutani akaishusha bunduki kongwe iliyotundikwa chini ya picha ya Kaaba. Mumewe, Sleyum, aliinunua soko la bunduki la Nizwa mwaka waliooana. Haikuwa na risasi, wala haikupata kuwa nayo tangu iingie nyumba hii. Kazi yake ilikuwa kupambwa siku za harusi na kukusanya vumbi siku nyingine. Akampa baba yake.

"Iweke begani. Kama unapiga."

Mzee Soud aliishika kwa furaha. Alisimama sawasawa, mguu wa kushoto mbele, akainua. Mtutu ulipanda, kiwiko cha kulia kikafuata mpaka usawa wa mbavu, kisha kikakwama. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Kiwiko ndicho kilichosema. Kilitetemeka, kikashuka, na mtutu ukaelekea kwenye runinga.

"Imekuwa nzito hii," alisema. "Sleyum ameitia mafuta mengi."

"Haijatiwa mafuta tangu Ghaith azaliwe."

Mwaka jana, walipokwenda Izki kuwatazama jamaa, mzee aliteleza kwenye ngazi za falaji, ule mfereji wa maji, akiteka maji ya kutawadhia, akaanguka kwa bega. Daktari wa Nizwa alimshona misuli akamkabidhi kwa binti yake. Diploma ya Thuraya ilikuwa ya mambo hayo hayo, viungo na misuli. Alikuwa amewanyoosha na kuwakunjua wazee wengi wakaidi wa mkoa huu, na hakuna hata mmoja aliyemsumbua kama huyu wake wa nyumbani, ambaye akipewa mpira wa kuvuta wa mazoezi huutumia kufungia kitasa cha kabati.

"Bega halijapona," alisema. "Bunduki ikilia inagonga bega. Ikigonga hapo, mshono unaachia, na mara hii hakuna wa kuushona tena. Safari hamna. Ghaith, mpigie mtu wako umwambie."

Mzee Soud aliirudisha bunduki mikononi mwa binti yake taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, akakaa. Alichukua lile ganda dogo akalizungusha vidoleni.

"Mimi nimeng'ang'ania hili kwa nini, unadhani?" alisema. "Bega ni langu. Hii haigongi. Hii inakugusa tu, kama mtoto anayekuita."

Basi alikuwa anajua. Muda wote huo anabishana habari za ukwato na mzinga, kumbe anajua. Thuraya aliitundika bunduki mahali pake, akachukua muda mrefu kuinyoosha kuliko ilivyohitaji.

"Mimi nina njia," alisema Ghaith. "Yaani, nzuri kabisa. Babu anakaa kwenye gari, chini ya kivuli. Mimi napiga na ile kubwa. Tukimaliza babu anakuja, anashika pembe, tunapiga picha. Nani atajua?"

Mzee Soud aliweka ganda chini.

"Nitajua mimi."

"Babu, picha tu..."

"Nikae kama sanamu la duka la nguo, nimkumbatie mnyama aliyeuliwa na mtu mwingine? Na bismillahi nani ataisoma?"

"Mimi nitasoma."

"Wewe, ambaye 'huyu mnyama' kwako ni 'hii mnyama'? Mnyama si kabati, Ghaith."

"Bismillahi ni Kiarabu, babu. Kiarabu changu kizuri."

"Alhamdulillah, kipo kimoja."

Thuraya alicheka bila kutaka. Aliketi, abaya na viatu vyake, akajimiminia kahawa. Alijua sasa kwamba neno lake la "safari hamna" limeshapoa. Baba yake hakuwa anadai makubwa. Aliondoka Unguja kijana ambaye masharubu ndiyo yanaota, na tangu hapo amekuwa karani, mkulima wa mitende, babu, mgonjwa. Katika haya yote alichokuwa akikisimulia kwa furaha ni kule kwenye vichaka vya mawe kusini ya kisiwa, asubuhi yeye na baba yake, na bunduki ndogo ya risasi za namba ishirini na mbili. Alitaka kulenga mwenyewe, kusoma bismillahi mwenyewe na kula alichokipiga mwenyewe. Ghaith alikuwa akimpa kila kitu isipokuwa hayo.

"Kwa nini lazima iwe kubwa?" alimuuliza mwanawe. "Niambie kama unavyomwambia mtu asiyejua."

"Kwa sababu ndogo haiui, mama. Inaingia, inakaa ndani, mnyama anakimbia nayo. Anakwenda kufa porini siku ya pili, na hatumwoni. Iqbal mwenyewe kasema kambi yake hairuhusu. Dhambi, haramu, na kibali kinapotea."

"Baba?"

"Uongo. Mimi nimeona kwa macho yangu. Hiyo hiyo ndogo, nyuma ya mkono, hapa, na paa hapigi hatua. Unamwendea, unamtia kwapani, unarudi zako nyumbani."

"Unamtia wapi?" aliuliza Ghaith.

"Kwapani."

Ghaith aliangua kicheko. "Babu! Hiyo haiingii kwapani. Hiyo watu wawili wanabeba na mti. Ikisimama inafika hapa," na kiganja chake kikasimama kiunoni.

"Paa?" Mzee Soud aliinama. Kiganja chake kilishuka, kikapita magoti aliyoyakunja, kikasimama juu kidogo ya zulia, karibu na kikombe. "Paa yuko hapa."

Thuraya aliutazama mkono wa mwanawe kiunoni, akautazama wa baba yake sakafuni. Akaweka kikombe chini.

"Hebu msiondoe mikono yenu," alisema. "Kaeni hivyo hivyo."

Wakabaki, mmoja juu, mmoja chini.

"Ghaith. Babu alipokwambia anataka kupiga paa, ulifanya nini?"

"Nimeiuliza simu."

"Simu ikasema nini?"

Ghaith alikuna ndevu kwa mkono uliokuwa huru. "Kwanza ilisema *saqf*. Kitu cha juu ya nyumba. Nikasema hapana, babu hawezi kutaka kupiga *saqf*."

"Paa la nyumba!" alisema mzee. "Ya Rabbi."

"Nikaiuliza tena, nikaandika paa, mnyama. Ikatoa picha ya mnyama ana pembe kubwa, mzuri. Nikampelekea Iqbal. Akasema kwao hawana hiyo, inayofanana ni kulungu. Nikasema tayyib, kulungu."

"Kulungu," alisema Mzee Soud polepole. "Umenikatia kulungu."

"Nilikuonesha picha, babu! Pale pale uani. Ukasema mashallah."

"Ulinionesha simu juani, miwani iko ndani. Mtu akikutilia simu usoni unasema mashallah ili aiondoe!"

"Basi shusheni mikono," alisema Thuraya.

Juzi na leo nzima walikuwa wanabishana juu ya risasi, na kila mmoja alikuwa na haki kwa mnyama wake. Risasi ya mzee ingemwendea kulungu kama mwiba, na ya Ghaith ingemwacha paa hana cha kuchinjwa. Thuraya, ambaye hakupata kupiga hata panya, aliliona hilo wazi kuliko wao wote wawili, na akaona na jingine: kama mnyama ni wa chini ya goti, bunduki si lazima iwe ile inayogonga.

Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Hakutosheka na kuona.

"Baba, rudi nyuma uegemee mto. Kunja goti la kulia. Hivyo. Ghaith, nishushie bunduki tena, na lete kile kibao cha kukalia cha jikoni."

Waliweka mto juu ya kibao na mtutu juu ya mto. Thuraya alikipeleka kitako cha bunduki mpaka bega la baba yake kwa mkono wake mwenyewe, akakilaza kiwiko cha mzee juu ya lile goti lililokunjwa. Sasa hakikuwa na cha kuinua. Bunduki ilikuwa imelala, na bega lilikuwa limekaa tu nyuma yake. Mzee Soud alifumba jicho moja. Mtutu ulitulia juu ya maua ya pazia, haukutikisika.

"Huko wanakaa hivi?" aliuliza Thuraya.

"Wana vijiti vya kuegemeza, mama. Na mtu anaweza kukaa."

"Vizuri. Baba, hii ndogo." Aliweka kiganja mbele ya kitako, akasukuma kidogo kuelekea begani, kama anavyopima wagonjwa wake. Mzee alibaki kama alivyo.

"Hiyo nimeisikia mkononi mwako, si begani mwangu," alisema.

"Hii ya kati." Alisukuma kwa nguvu zaidi. Pumzi ya mzee ilisimama, na Thuraya akaisikia iliposimama.

"Hiyo si kitu," alisema mzee alipoweza kusema.

"Naona. Ile kubwa sikupimi."

"Ya kati ingefaa, mama," alisema Ghaith, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Ya kati inatosha kulungu. Mara moja tu. Risasi moja."

"Umeiona pumzi yake au hukuiona?"

Ghaith aliliokota ganda refu akalitazama. Thuraya alijua linalomkaa rohoni. Picha ya kulungu ilikuwa imeshazunguka kwa marafiki zake wote, Laith na wenzake, na pembe zilikuwa zimeshapewa mahali ukutani.

"Na paa," alisema Ghaith hatimaye, "ana pembe?"

"Anazo," alijibu babu yake.

"Kama nini?"

Mzee alimwonesha kidole cha shahada. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akakikunja nusu.

"Ghaith," alisema Thuraya, "ile zawadi ulisema ni ya nani?"

"Ya babu."

"Mpigie Iqbal."

"Mama, atachukia. Kila kitu kimeshapangwa."

"Lete simu, nitampigia mimi. Mimi sijapangiwa kitu."

Iqbal alipokea mara ya kwanza. Upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu yake, na mtu alikuwa akipiga nyundo kitu cha bati.

"Asalamu alaikum, bwana Iqbal. Mimi mama yake Ghaith, niko Ibra. Tumekosea mnyama."

"Waalaikum salamu, mama. Mmekosea vipi? Kulungu nimeshamwandalia, bunduki nimetoa, gari liko tayari, hapa ndio nataka kuondoka."

"Usiondoke. Mzee hataki kulungu. Anataka paa."

"Paa, paa..." Nyundo ilisimama. "Paa gani, mama? Maana huku kila mtu na paa wake. Wengine swala wanamwita paa."

Thuraya alimgeukia baba yake, akaiweka simu sauti ya wazi. Mzee Soud alijisogeza mbele kama mtu aliyeitwa mahakamani.

"Shikamoo, mzee," ilisema simu.

"Marhaba, mwanangu. Sikia. Huyu ni mdogo. Yuko chini ya goti. Pua ndefu, inachezacheza. Ana kijitundu cheusi pembeni mwa jicho. Ukimshitua anakimbia huku na huku, hanyooki, kisha anasimama akutazame. Wawili wawili."

"Digidigi!" alisema Iqbal. "Mzee, huyo digidigi huyo! Wamejaa huku nyuma ya kambi. Wanatutazama tukipiga mswaki."

"Sisi kwetu tulikuwa na wa namna hiyo, tukimwita paa."

"Basi na sisi tutamwita paa, mzee, mpaka uondoke."

Mzee Soud alimtazama mjukuu wake kwa ushindi uliojaa uso mzima. Ghaith alifunika macho kwa mkono, lakini chini ya mkono alikuwa anacheka.

"Bunduki?" aliuliza Thuraya.

"Ninayo ndogo, mama. Ishirini na mbili, lakini ile yenye nguvu zaidi kidogo, siyo ya kulengea makopo. Haina kishindo. Ya mke wangu hiyo. Ila niambieni risasi, maana ninazo namna mbili. Kuna ya ncha laini, ikiingia inafunguka. Na kuna ngumu, iliyovikwa shaba mpaka nchani, inapita kama sindano."

"Ya laini ndiyo inaua haraka," alisema Ghaith kwa haraka. Alikuwa ameyasoma hayo yote.

"Kwa kulungu, ndiyo," alisema babu yake. "Kwa huyu itafunguka na yeye afunguke nayo. Mimi nataka kula. Mama yangu akimpika kwa nazi na ndimu, na bega la paa likiingia sufuriani zima, na mfupa wake. Mwanangu Iqbal, hiyo ngumu. Na mniache nimsogelee karibu."

"Karibu sana, mzee. Na nazi zipo."

"Bwana Iqbal," alisema Thuraya, "bega lake ni bovu. Atapiga amekaa chini, vijiti mbele, na mto nyuma yake. Hasimami. Akikwambia anaweza kusimama, anakudanganya."

"Nimesikia, mama."

"Na kulungu mfute. Sasa hivi, nikusikie."

Iqbal aliisogeza simu kando. Walimsikia akimwita mtu, akimwambia aliyekuwa kwenye gari airudishe ile bunduki kubwa ndani, atoe ile ndogo ya mkewe, na kwamba kibali ni cha digidigi, siyo kulungu, digidigi. Mlango wa gari ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena.

"Tayari, mama. Nakwenda kukikata mjini."

"Mungu akubariki."

Thuraya alikata simu akamrudishia mwanawe. Aliokota ganda la kati na lile refu akayatia kwenye mfuko wa kanzu ya Ghaith, na lile dogo akaliacha pale kwenye zulia, mbele ya baba yake. Kisha alikwenda kwenye kabati, akaufungua mpira wa mazoezi kutoka kwenye kitasa, akafunga ncha moja kwenye dirisha na ya pili akampa mzee mkononi.

"Vuta," alisema. "Mpaka mikate ipoe."

Mzee Soud alifungua mdomo kubisha, akaliona lile ganda, akavuta.